Bivio: nimelala huko mara mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoa siku mbili za likizo yako ya Uswisi kwenda Bivio, kile kijiji cha lugha tatu, na kama Kiingereza chako kitatosha. Mimi naishi Zürich, nimelala Bivio mara mbili, Juni na Februari. Nenda, ila usiende asubuhi ukarudi jioni. Mchana utaona milima tu.

Panda treni hadi mji wa Chur. Mabasi ya njano ya posta yako juu ya stesheni hiyohiyo. Chukua la St. Moritz linalopita njia ya mlimani ya Julier. Kabla ya kufika utapita ziwa la Marmorera. Chini ya yale maji kulikuwa na kijiji, kikazamishwa miaka ya 1950 walipojenga bwawa la kuzalisha umeme wa jiji la Zürich. Huenda ndio unaonichemshia chai.

Bivio iko mita 1,769, juu kuliko Lushoto. Jina lenyewe maana yake njia panda, kwa sababu hapo zinaachana njia mbili za kuvuka milima: Julier, ambayo ni lami, na Septimer, ambayo siku hizi ni ya wapenda kutembea. Kupitia Septimer ndiko walikokuja wafugaji wa bonde la Bregaglia na Kiitaliano chao cha nyumbani, wakahamia upande ambao majirani wote walikuwa wa Kiromanshi, lugha ndogo ya milima hii. Kijerumani kilikuja baadaye, na sasa ndicho kikubwa.

Kosa langu lilikuwa kwenye salamu. Nilikuwa nimejifunza Kiitaliano cha kuombea maji. Mzee wa kwanza nikampa buongiorno, akanijibu Kijerumani. Nikajirekebisha: mama aliyefuata nikamsalimia kwa Kijerumani, naye akanijibu Kiitaliano! Nikaona bora ninyamaze.

Usiku ndipo nilipoelewa. Mama mwenye nyumba ya wageni alipika capuns, vidonge vya unga vilivyofungwa kwa majani kama ya spinachi. (Kama huli nguruwe uliza kwanza, mara nyingi ndani huwa na vipande vya soseji kavu. Mimi alinitengenezea vyangu vitupu.) Mezani tulikuwa watano. Akazunguka na sufuria akimuuliza kila mtu kama aongezewe: mumewe kwa Kijerumani, mzee jirani kwa Kiitaliano cha Bregaglia, bibi mmoja wa kijiji cha chini kwa Kiromanshi. Mwiko haukusimama hata kidogo. Aliponifikia mimi akarudi kwenye Kijerumani, cha polepole.

Nikamuuliza anachaguaje. Akashangaa swali. Hachagui, alisema, lugha uliyojuana nayo na mtu ndiyo yenu, ukiibadilisha ataona umemkasirikia. Na watoto wake? Kiitaliano wanakisikia chote, ila wanajibu Kijerumani.

Hapo nilitulia kidogo. Kwetu bibi alitusemesha Kisambaa, sote tukamwelewa, sote tukamjibu Kiswahili. Hakuna aliyetukataza Kisambaa. Tulijibu tu hivyo, kila siku, mpaka bibi akafariki, na leo mimi naweza kusalimia, kuhesabu, na kumfukuza mbuzi.

Kuhusu Kiingereza: hotelini utaelewana nao vizuri. Kwingine tabasamu, sema hata maneno mawili ya Kijerumani, halafu acha mwenyeji aamue mtazungumza nini. Wakati wa chakula kaa meza ya pamoja kama ipo, hayo yote huyasikii ukiwa peke yako dirishani. Kwenye ramani usichanganyikiwe ukiona Surses, hiyo ni manispaa iliyounganisha Bivio na vijiji jirani mwaka 2016.

Na viatu, mkuu. Juni nilikwenda na raba nikakuta theluji bado iko kando ya barabara. Ukienda Februari, raba ziache Dar, na uangalie basi la mwisho ni saa ngapi kabla hujaagiza chakula cha pili.