Kiporo cha sindano: mbona kazi ya misalaba inanichosha katikati?

Swali: Mwalimu, hujambo? Naishi Kisumu na nimekuwa nikidarizi kwa mshono wa msalaba tangu 2019. Nina picha ya heroe watatu, wale flamingo wa ziwani, wamesimama majini. Ni miraba 150 kwa 110, kwenye kitambaa cha Aida cha 14, yaani chenye miraba 14 kwa inchi. Ndege wamekwisha, maji yamekwisha, imebaki mbingu yote ya rangi moja. Tangu Krismasi sijaigusa. Nikiifungua nashona mistari miwili, napiga miayo, naikunja. Sandukuni kuna nyingine tatu zilizoishia njiani: kitambaa cha ukutani cha "Karibu Mgeni", foronya ya mto wa kochi, na nyumba ya Ulaya yenye theluji ambayo wenzangu wote wa chama walinunua. Mume wangu husema mimi ni hodari wa kuanza. Nifanyeje uchovu huu uniishe? Halafu kuna kitu kidogo: mguu wa heroe mmoja haukutani na kivuli chake majini, vimepishana kwa mraba mmoja. Sidhani wageni wataona.

Jibu: Sijambo, dada. Umeandika barua nzima kuhusu mbingu, ukautupa mguu wa heroe mstari wa mwisho. Mimi naanzia kwenye huo mguu. Mwanafunzi akiniletea kazi iliyokwama, huwa namwambia aitandaze mezani na asinieleze lolote. Natafuta kwanza sindano ilipochomekwa. Mara nyingi, si mbali na hapo, pana kosa la kuhesabu, na mwenye kazi analijua. Kila akikunjua kitambaa jicho linatua palepale, mkono unakuwa mzito, kisha anasema amechoka. Wageni hawataona, kweli. Wewe unaona.

Hesabu basi misalaba ya kivuli cha mguu huo peke yake. Ikiwa haizidi hamsini hivi, fumua leo. Pitisha ncha ya sindano butu chini ya uzi wa juu, uinue, ukate kwa mkasi mdogo, halafu geuza kitambaa uvute vipande kwa kibano kutoka nyuma. Ukifika mwisho wa kosa, fumua mishono mitatu au minne zaidi bila kukata, upate mkia wa kuficha chini ya mishono ya jirani. Wengi husahau hapo, na mwezi mmoja baadaye misalaba iliyokuwa mizima inaanza kulegea. Uzi uliofumuliwa tupa. Umeshachunika, ukiurudisha utaonekana mchafu kando ya uzi mpya.

Ikizidi hamsini, acha kufumua, danganya. Una bahati kwamba ni maji: kivuli majini hakinyooki hata siku ya utulivu. Mahali mguu unapokutana na kivuli, tia ukanda wa rangi ya maji, misalaba mitano au sita kwenda kando, kama kiwimbi kimepita. Mraba mmoja utamezwa na hicho kiwimbi.

Kosa lisirudi, gawa kitambaa kwa miraba kumikumi kabla ya kuendelea. Watu hutumia kalamu ya wino unaotoka kwa maji. Mimi siipendi, kwa sababu ukipitisha pasi kabla ya kufua, wino unaweza kukwama moja kwa moja. Wewe uko Kisumu, mshipi wa kuvulia samaki hauwezi kukukosa. Chukua ule mwembamba kabisa, upitishe juu ya miraba kumi, chini ya kumi, mpaka mwisho, kisha vivyo hivyo kwa upande wa pili. Sindano haiwezi kuuchoma katikati jinsi inavyochoma uzi wa pamba, kwa hiyo kazi ikiisha unauvuta tu na unatoka wote.

Sasa mbingu. Tuseme ni mistari 60 ya miraba 150: hiyo ni misalaba 9,000. Mkono wangu hutoa kama misalaba 120 kwa saa nikiwa sina haraka, kwa hiyo ni saa 75 za rangi moja. Dada, hata mimi ningepiga miayo. Mchoro si sheria ya nchi. Ikiwa kitambaa chako chenyewe ni cheupe au samawati hafifu, iache mbingu wazi, uweke tu mawingu mawili matatu ya mstari mmoja mmoja. Ikiwa umeshaanza kuijaza na huwezi kurudi nyuma, jaza iliyobaki kwa nusu msalaba, yaani mguu mmoja tu wa mshono, kwa uzi mmoja badala ya nyuzi mbili. Mishono inapungua nusu, na mbingu inaonekana nyepesi na ya mbali, wakati ndege wanajitokeza mbele. Sharti ni moja: nusu zote zilalie upande uleule ambao misalaba yako ya ndege ilianzia. Jaribu kwanza miraba mia moja pembeni, utakapofunika kwa fremu.

Ile mistari miwili uliyoshona ukichoka, ifumue au uipandishe ionekane kama wingu. Usiiache kama ilivyo, msalaba kamili kando ya nusu msalaba huonekana kama kiraka.

Na usishone mbingu kwa mstari mrefu wa 150 kutoka ukingo hadi ukingo. Shona kisanduku cha kumi kwa kumi, kile ambacho mshipi umekuchorea, ukimalize, uweke kando. Kwa nusu msalaba, kisanduku kimoja kinakwisha kabla sufuria ya maharagwe haijaiva, na unaona umemaliza kitu.

Kuhusu sanduku. "Karibu Mgeni" imalize kwanza, ni herufi tu, na ikining'inia sebuleni mume wako atatafuta neno jingine la kusema. Foronya inaweza kungoja. Nyumba yenye theluji sikushauri uimalize. Ulinunua kwa sababu chama kilinunua, na theluji ni misalaba myeupe juu ya kitambaa cheupe, macho yatakuuma bure. Kata pembe iliyokwisha, ishone iwe kishikio cha sindano, na kitambaa kilichobaki kitakutosha kwa kazi nyingine.

Kabla hujarudisha chochote sandukuni, toa sindano na toa fremu ya kubania kitambaa unaposhona. Jasho hula ule mng'ao wa sindano, na kwa unyevu wa huko ziwani sindano iliyochomekwa tangu Krismasi huenda imeanza kuacha alama ya kutu. Ukiikuta, usitie jiki, inaweza kuikwamisha zaidi. Tia ndimu kidogo, lakini jaribu kwanza pembeni maana ndimu inaweza kufifisha uzi. Fremu nayo nina kesi yangu. Niliacha foronya ndani ya fremu ya mviringo miezi minane hapa Nakuru, vumbi la mji huu likapata pa kukaa, na duara limebaki hadi leo baada ya kufua mara tatu. Foronya hiyo nailalia mwenyewe, siwezi kuiuza.

Ukimaliza heroe, fua kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kusugua. Uzi wa waridi na mwekundu ndio hupenda kutoa rangi, na ndege wako wote ni waridi. Rangi ikitoka usiogope na usikianike: endelea kusuuza kwa maji baridi mengine na mengine. Rangi iliyomwagika hushika kitambaa kinapokauka, kwa hiyo kisiguse kamba ya nguo kabla maji ya beseni hayajawa meupe kabisa.