Kiganja kimelegea, nianzie wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko mwaka wa tatu, nasomea utabibu. Juzi kwenye raundi nikapewa mgonjwa, alilala kwenye kiti amelewa, mkono kaurusha nyuma ya kiti ukaning'inia usiku kucha, asubuhi anaamka kiganja kimelegea hakiinuki. Nikampima, kushika hana nguvu, vidole havitanuki, nikasema neva zote tatu zimekufa, redia, mediani na alna. Wodi nzima ikacheka. Na ule mchoro wa neva za mkono, mizizi ya uti wa mgongo kuanzia C5 mpaka T1, naujua kama wimbo wa taifa! Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Usijali, hilo shimo hata mimi nilidumbukia. Mchoro hauna shida. Kiganja kikishaning'inia vidole vinakosa nguvu hata kama neva zake nzima, jaribu mwenyewe hapo ulipo, kunja kiganja chini halafu ubane kalamu kwa nguvu, umeona? Kwa hiyo mlazie mkono mezani, kiganja chini, ndo umwambie atanue vidole. Vikitanuka, alna haina kesi.

Ila redia nayo usiitaje haraka, maana mzizi wa C7 ukibanwa shingoni unaweza kuangusha kiganja vilevile. Hapo mi natafuta msuli wa neva ileile ila mzizi mwingine. Mwambie akunje kiwiko, dole gumba juu, kama kashika kikombe cha chai, we mvute chini huku unaangalia msuli wa brakioradialisi unavyotuna kwenye kigasha. Hiyo inalishwa na redia lakini mizizi yake hasa ni C5 na C6. Haituni? Redia hiyo. Imetuna vizuri, halafu kunyoosha kiwiko dhaifu na kukunja kiganja chini nako dhaifu, nenda shingoni. Na uso, mguu, maneno uviangalie pia, kiharusi kinapenda kujificha hapo.

Kiti kikibana katikati ya mkono wa juu, matawi ya redia yanayokwenda kwenye trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono unaonyoosha kiwiko, yanakuwa yameshachomoka juu zaidi, kwa hiyo kiwiko kinanyooka vizuri tu. Mtu wa magongo yanayobana kwapani, huyo trisepsi nayo inaweza kulala. Wa kiti wengi wanapona ndani ya wiki au miezi michache, mfungie banzi kiganja kisining'inie.

Ila trisepsi ulimpima kweli? Mbona kwenye barua hujasema.