Ni kweli Vasco da Gama ndiye alifungua njia ya India?

SWALI: Kijana wangu wa gredi 8 ameambiwa ati Vasco da Gama ndio alifungua njia ya India, sasa kabla yake watu wa Pwani walikuwa wanauziana na nani? – Mama, Kayole

JIBU: Mama, hilo swali ni zuri sana. Njia ilikuwepo kitambo, majahazi yalikuwa yanaenda India na kusi (upepo wa kutoka kusini) yanarudi na kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini). Bartolomeu Dias, baharia Mreno kama Gama, alizunguka ncha ya kusini ya Afrika 1488, hapo ndio Gama akapata mwanzo, lakini 1498 mfalme wa Malindi ndio alimpatia rubani wa kuongoza meli na wakafika Calicut, mji wa India, chini ya mwezi mmoja! Kurudi hawakungoja upepo wakakaa baharini karibu miezi mitatu, ufizi umevimba, meno yamelegea, wengi wakafa juu ya kukosa matunda na mboga.

Wareno hawakuleta biashara, walileta mizinga. 1505 wakapiga Kilwa na Mombasa, baadaye chombo kikikosa kibali chao mzigo unachukuliwa, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Na hiyo leso unajifunga, Mama, hilo neno ni la Kireno, hata meza.