Barua kwa Mwanangu: Mgongo Wako na Voliboli

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeona ni bora niketi nikuandikie kuliko kukujibu kwa simu huku nikikatizwa na majirani. Unasema kiuno kimekuuma tangu mwaka jana, daktari mmoja huko Kisumu ameangalia picha ya MRI akakuambia uachane na voliboli kabisa, na sasa unaniuliza kama umtii. Unataka jibu la mama au la nesi mstaafu? Yote mawili ni mamoja: usiache. Ila usirudi kucheza kama ulivyokuwa ukicheza.

Naona kilichokutisha zaidi ni ile picha. Ripoti inasema diski, yaani ule mto laini, iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechakaa na imevimba kidogo. Sasa sikiliza. Mwaka 2015 kulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 37 ya wenye miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Na hao wote hawakuwa wakiumwa! Kwa hiyo picha peke yake haiwezi kumwambia mtu kama ataruka au hataruka. Mgongo wangu mimi ukipigwa picha leo utalia machozi, kwa vile nilivyoinua wagonjwa wodini tukiwa wawili kwenye zamu nzima. Lakini Jumamosi nikijaliwa huwa napanda na kina mama wa kanisa hadi ukingoni mwa shimo la volkeno la Menengai. Tunapumzika sana njiani, tunasengenya kidogo, lakini tunafika.

Zamani mwenye mgongo alilazwa chali kitandani hata wiki nzima, na alipoinuka misuli ilikuwa imelegea, maumivu yako palepale. Siku hizi hilo limeachwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi mitatu, kama yako, na mazoezi ni mojawapo ya mambo linaloyapendekeza. Mikanda ya kiuno haimo katika matibabu ya kawaida wanayoyapendekeza. Basi ule mkanda ulionunua soko la Kibuye usiutegemee.

Kabla sijaendelea: ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo ukikataa kutoka au ukatoka wenyewe, au mguu ukaanza kuburuta, usisubiri asubuhi wala usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Hapo hakuna mjadala wa voliboli.

Haya, turudi nyumbani kwako. Umeniandikia aya nzima kuhusu uwanja na mstari mmoja tu kuhusu Jumamosi, kwamba unaamka saa kumi na mbili kufua. Mimi nilisimama hapo kwenye Jumamosi. Usiku diski hunyonya maji zikajaa, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Ukiinama saa ile ya kwanza baada ya kuamka, zinabanwa kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Nawe unainamia karai lililo sakafuni, miguu imenyooka, unasugua mashuka, halafu unadeki kwa kitambaa kwa mtindo huohuo. Kisha saa tisa unakwenda mazoezini, kiuno kinauma, lawama zote zinaangukia mpira! Weka karai juu ya stuli, ufue saa nne ukishakunywa chai na kutembea kidogo. Na ufagio wa kudekia wenye mpini si anasa.

Kuhusu mchezo wenyewe, wewe ni mchezaji wa kati, na najua maana yake: unaruka kuzuia, unaruka kupiga, unaruka hata kudanganya tu wakati mpira unapelekwa pembeni. Kinachokuumiza zaidi, nadhani, ni kutua. Nilikuona Mamboleo ukipiga mpira uliokupita nyuma: mgongo umejipinda kama upinde, ukatua kwa mguu wa kushoto peke yake. Mwambie kocha mpunguze idadi ya miruko mazoezini, si idadi ya siku. Ukitua, tua kwa miguu miwili, magoti yakunjike. Kwenye uwanja wa saruji, fanya mazoezi ya kupokea na kupasia, miruko uiweke akiba ya siku ya mechi.

Wenzako wanakushauri uwe libero, yule mchezaji wa ulinzi wa nyuma, kwa kuwa libero haruhusiwi kuzuia wala kupiga mpira ulio juu ya wavu. Ni kweli ataruka kidogo, lakini anashinda ameinama, na kiuno chako hakipendi hilo pia. Usikubali mpaka ujifunze kushuka kwa nyonga na magoti, mgongo ukibaki umenyooka.

Kila siku, hata dakika kumi, fanya zoezi hili. Piga magoti, viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, uhesabu hadi kumi, kisha ubadilishe. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kiunoni. Kikimwagika, umepinda. Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ndiye aliyelipigia debe sana zoezi hili pamoja na lile la kulalia ubavu ukijiinua kwa kiwiko. Maumivu kidogo ukifanya, yakaisha kufikia kesho yake, si neno. Yakianza kushuka kuelekea ugokoni, umezidisha, punguza.

Siku zisizo za mazoezi tembea, au ogelea. Lakini ogelea kwenye bwawa la maji ya dawa. Sitaki kusikia umeingia ziwani pale Dunga ukaniletea kichocho juu ya mgongo.

Baba yako anakutumia habari za mcheza gofu Tiger Woods, aliyeunganishwa pingili za mgongo kwa upasuaji mwaka 2017 akashinda mashindano ya Masters mwaka 2019. Msamehe, gofu si voliboli, na wewe hujafika kwenye kisu. Tafuta mtaalamu wa tiba ya viungo akuone ukiruka na kutua, si ukiwa umelala kitandani tu.

Ukija likizo, mwambie dereva wa matatu asimame Kericho unyooshe miguu. Na ule mzigo wa samaki, mpe kondakta aubebe.

Mama yako,
Nakuru