Msiuze shamba ili kijana aje kucheza mpira Korea

Ndugu zangu, lile tangazo mnalotumiana, la wakala anayepeleka vijana Korea Kusini kucheza "Kombe la Ligi" kwa mshahara wa kujenga nyumba ndani ya msimu mmoja, limeniudhi. Kombe hilo halipo. Mara ya mwisho lilichezwa 2011. Lililopo ni Kombe la Korea la shirikisho, lililoitwa Kombe la FA hadi 2023, na huko mtu anaingia kwa kusajiliwa na klabu, halipii majaribio.

Lilivyokufa ndilo jambo ninalotaka mlijue, hasa nyie mnaomsubiri kijana awatumie hela. Msimu ule mdhamini alikuwa Rush & Cash, kampuni ya mikopo. Timu nne zilizokuwa Ligi ya Mabingwa ya Asia zilisubiri robo fainali. 12 zilizobaki ziligawanywa makundi mawili. Kwa makocha wengi ilikuwa nafasi ya kupumzisha nyota na kuwapa dakika vijana wa benchi. Na kijana wa benchi alilipwa nini? Kima cha chini kilikuwa won (hela ya Korea) milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi.

Aprili 6 Daejeon walicheza na Pohang, nao Gwangju wakacheza na Busan. Waendesha mashtaka wakaja kusema kiungo mmoja wa Daejeon alipokea won milioni 120 na kipa mmoja wa Gwangju milioni 100 ili timu zao zifungwe, na kiungo yule akawagawia wenzake kikosini. Pigeni hesabu wenyewe: milioni 100 ni zaidi ya miaka minane ya mshahara wa chini, kwa dakika 90. Baadhi ya madalali wa kununua mechi walikuwa wachezaji wa zamani, watu waliokula nao sahani moja.

Ulsan walilibeba Julai 13 kwa kuifunga Busan 3-2, Kim Shin-wook akimaliza na mabao 11. Kisha kombe likafutwa na kima cha chini kikapandishwa hadi milioni 24. Waliopatikana na hatia ya kuuza mechi wakafungiwa, na 2013 FIFA ikaieneza adhabu ya wachezaji 41 dunia nzima.

Hao walikuwa wenyeji, wanajua lugha, wazazi wako safari ya treni tu. Wa kwenu atakaa benchi hiyo hiyo akiwa hajui hata kusoma ubao wa mazoezi, huku simu zinaingia: ada, bati, mchango wa harusi. Nawaomba sana, msimfikishe mahali ambapo hela ya dalali inaonekana kama jibu la dua.

Msimlete. Lakini kama klabu imemwandikia mkataba wa kweli, aje, tena haraka, maana huku mazoezi yana mpango na anayejituma anaonekana.

Mkataba wa kweli mtautambua hivi. Viza ya mchezaji wa kulipwa ni E-6, na klabu ndiyo inayoanza kuishughulikia huku Korea. Akiambiwa aje na C-3 ya matembezi "mengine tutamalizia huko", hiyo haimruhusu kulipwa hata won moja. Cheti cha uhamisho wa kimataifa kinatoka shirikisho lenu kwenda la Korea kupitia mfumo wa FIFA. Kwa hiyo nendeni TFF au FKF mkaulize. Kama hawajui lolote, hakuna uhamisho. Jina la wakala litafuteni kwenye orodha ya FIFA. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishiwa nchi nyingine. Na waliowahi kuahidiwa ukipa huku walidanganywa mchana kweupe: kuanzia 1999 ligi hii ilikataza makipa wa kigeni kwa zaidi ya miaka 20.

Karatasi ikija, tenganisheni mshahara na posho za ushindi. Wakala hupenda kujumlisha vyote, na asiyepangwa haoni posho. Tazameni pia kama maandishi ya Kikorea na ya Kiingereza yakipishana, yapi yanashinda.

Akishafika, asiweke mkeka kabisa. Hapa kubeti kwenye tovuti haramu ni hadi miaka mitano jela au faini ya won milioni 50, na hata Sports Toto, iliyo halali, mchezaji haigusi. Nanyi mpeni miezi mitatu bila kumdai hela. Mpigieni tu, mumuulize kama amekula.