Tasi wa Bahari ya Shamu katika Mediterania: majibu kwa wasomaji

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba samaki aina ya tasi wanaouzwa Lebanoni walifika huko kutoka Bahari ya Shamu (Bahari Nyekundu) kwa kupitia Mfereji wa Suez wa Misri, nimepokea maswali mengi. Nimechagua machache, nikafupisha maneno ya waulizaji bila kubadili maana.

Mfereji ulichimbwa kwa ajili ya meli. Samaki wanapitaje humo, na kwa nini habari zao zinavuma sasa ilhali ulifunguliwa zamani? (Msomaji wa Bagamoyo)

Wanapita kwa kuogelea, na mayai na vichanga vyao huchukuliwa na mkondo. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 baada ya miaka 10 ya kuchimba, hauna malango ya kupandisha na kushusha maji. Ni maji ya bahari moja kwa moja kutoka Suez, upande wa Bahari ya Shamu, hadi Port Said, upande wa Mediterania. Hata hivyo, katikati ya safari hiyo palikuwa na kizuizi ambacho hakuna aliyekijenga. Mfereji unapita katika Maziwa Machungu, ambayo kabla ya hapo yalikuwa mabonde makavu yenye tabaka nene la chumvi iliyoachwa na maji ya kale yaliyokauka. Maji yalipoingia, chumvi ile ilianza kuyeyuka, na kwa miongo mingi samaki aliyefika hapo alikutana na maji makali kuliko ya bahari zote mbili. Walivuka wachache wenye kustahimili, kama chaza wa lulu aliyeonekana Alexandria mwaka 1874, lakini wengi walikomea hapo.

Chumvi ile iliyeyuka kidogo kidogo na kusombwa na mikondo, hadi maji ya maziwa yakakaribia kufanana na ya Bahari ya Shamu. Kizuizi cha pili kilikuwa Mto Nile, ambao kila mwaka wakati wa mafuriko ulimwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mengi mno karibu na mdomo wa mfereji. Bwawa Kuu la Aswan, lililoanza kuzuia mto mwaka 1964 na kukamilika mwaka 1970, liliyapunguza mafuriko hayo karibu yote. Mfereji wenyewe nao umepanuliwa mara kwa mara: kina chake kilikuwa mita 8 hapo mwanzo, leo ni mita 24, na mwaka 2015 Misri ilifungua njia ya pili yenye urefu wa kilomita 35. Juu ya yote hayo, maji ya Mediterania yanazidi kuwa na joto, kwa hiyo mgeni wa kitropiki anayefika hafi tena wakati wa baridi.

Kinachonisikitisha katika historia hii ni kwamba kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri, iwe ni meli, umeme au kilimo, na katika hesabu za kila hatua samaki hawakuwamo.

Kwa nini tunasikia wa kusini wanakwenda kaskazini tu? Wa kaskazini hawaji? (Msomaji wa Unguja)

Wapo wanaokuja, lakini ni wachache sana. Kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya upande wa kusini huwa juu kidogo, hivyo mkondo husukuma kuelekea kaskazini. Isitoshe, samaki wa Bahari ya Shamu amezoea joto na chumvi nyingi, na mashariki ya Mediterania anavikuta vyote viwili. Wenyeji wa huko wengi asili yao ni Atlantiki, iliyo baridi zaidi. Wakielekea kusini wanakuta matumbawe yaliyokwisha jaa wakazi. Samaki peke yao waliovuka kwenda kaskazini wamepita aina 100, mbali na kamba, kaa, konokono na nyasi za baharini. Wataalamu huwaita wahamiaji wa Lesseps, kwa jina la Mfaransa Ferdinand de Lesseps aliyeongoza kampuni iliyochimba mfereji.

Huyo tasi wa huko ni huyu huyu tunayemla sisi? Na kama ni chakula kizuri, ubaya wake uko wapi? (Msomaji wa Tanga)

Ni wa jamaa moja na tasi wetu, ambaye ndugu zetu wa Mombasa humwita tafi. Aina mbili zimehamia huko, ya kwanza ikionekana katika miaka ya 1920 na ya pili katika miaka ya 1950, na zote mbili zinapatikana pia katika pwani yetu, ingawa tasi anayejaa zaidi katika madema yetu (mitego ya samaki) ni wa aina nyingine. Lebanoni na Kuprosi huliwa kwa hamu.

Ubaya unaanzia kwenye chakula chake. Wavuvi wetu wanaotia mwani ndani ya dema kuwa chambo wanajua vizuri kwamba tasi ni mla majani. Mtazame mmoja akiwa hai katika maji mafupi: kinywa kidogo, midomo inayochezacheza kama ya sungura, na anapofika juu ya jiwe hukwangua jani baada ya jani, kisha kundi lote huhamia jiwe la pili. Huku kwetu kazi hiyo ni ya manufaa, kwa sababu mwani ukiachwa hufunika matumbawe. Mashariki ya Mediterania walaji wa mwani walikuwa wachache mno, na misitu ya mwani iliota juu ya miamba ikiwa makao ya vifaranga wa samaki wengine. Kusini mwa Uturuki na katika visiwa vya Ugiriki kuna miamba ambayo tasi wameiacha mitupu, na kundi linaendelea kuchunga hapo hapo hata miche mipya isipate nafasi ya kukua. Tabia ya samaki ni ile ile. Mahali ndipo palipobadilika.

Nimesikia serikali ya Uturuki inanunua mikia ya bunju. Ni kweli? (Msomaji wa Lamu)

Ni kweli. Tangu mwaka 2020 mvuvi anayepeleka mkia wa bunju hulipwa, ili samaki hao wapungue. Bunju huyu, samaki mwenye sumu na ubavu wa rangi ya fedha, alionekana katika maji ya Uturuki mwaka 2003, na baada ya miaka michache tu alikuwa ameenea mashariki yote ya Mediterania. Meno yake ni vipande vinne vilivyoungana kama mdomo wa kasuku, viwili juu na viwili chini, na vinakata mshipi, wavu, hata ndoana. Mvuvi huvuta wavu akakuta samaki wameliwa matumbo na wavu umetobolewa matundu ya mviringo, yenye kingo safi kama zilizokatwa kwa mkasi.

Sumu yake haina dawa ya kuitangua na haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Israeli wagonjwa 13 walitibiwa kati ya mwaka 2005 na 2008 baada ya kumla. Wazee wa pwani yetu walitufundisha utotoni kumtupa bunju. Watu wa kule hawakuwa na wazee wa kuwaambia hivyo. Nawasihi wasomaji wanaoishi Uturuki, Ugiriki au Kuprosi wasimguse.

Je, maji yanayobebwa na meli kwa ajili ya uzito hayahusiki? (Msomaji wa Dubai)

Yanahusika, kwa kuwa hubeba viumbe kutoka bahari moja hadi nyingine, na ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kusafisha maji hayo ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Lakini mkataba huo haugusi samaki anayeogelea mwenyewe ndani ya mfereji.

Kuna njia ya kuwazuia? (Msomaji wa Kisumu)

Waliokwisha kuvuka na kuzaliana hawataondolewa. Wanaweza kupunguzwa kwa kuvuliwa, kama Tunisia inavyovua kaa wa buluu waliokuwa wakiharibu nyavu na sasa wanauzwa nchi za nje. Kwa wale wanaofuata, tazama Mfereji wa Panama: meli hupandishwa kwa malango mita 26 hadi Ziwa Gatún, lenye maji yasiyo na chumvi, na kwa miaka mingi samaki wengi wa bahari walikwama kwa sababu hiyo moja.

Suez haihitaji kujengewa mlima. Baadhi ya wataalamu wamependekeza maji makali ya chumvi yanayobaki katika mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari yaelekezwe katika Maziwa Machungu, ili kizuizi kilichoyeyuka kirudishwe. Mimi naona pendekezo hili linastahili kupimwa kwa haraka na kwa uangalifu, pamoja na athari zake kwa wavuvi wa maziwa hayo, maana meli hupita katika maji ya chumvi kali bila shida yoyote.