Mzuka asimnyang'anye mpelelezi kazi

Dada, umeuliza kama mzuka wa Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya Seme huko Kisumu, amtajie yule binti mpelelezi wa riwaya yako jina la mwizi. Nakusihi, usikubali. Msomaji wa miaka 11 amekuwa akikusanya vidokezo pamoja na binti huyo. Jibu likishushwa bure, atahisi ameporwa. Mzuka aonyeshe kitu kimoja tu, tena nusunusu: nta ya mshumaa iliyoganda kwenye ufa wa jiwe, juu kabisa, wasikofika waumini wanaokuja kusali pale. Binti ajiulize mwenyewe nani alipanda huko usiku.

Na amua mapema mzuka anaweza nini na hawezi nini, msomaji ajue kufikia sura ya 2. Ukigeuza masharti mwishoni watoto watakushika, hao hawadanganyiki. Kutisha kusikuhangaishe sana. Watoto wa Seme wamezoea visa vya nyanya zao.